Dohani ya Muuza Kuni

Miaka ishirini na mitatu nauza kuni Coyhaique,
lenga na nyire, zilizokauka na, Mungu anisamehe, zilizolowa,
na leo nimesimama dukani, kofia mkononi,
nachagua meko yasiyonihitaji.

Muuzaji, kijana Floridor, ana kucha safi.
Anatuonyesha ya kwanza: ya ukutani, mdomo wazi,
fremu ya marumaru, chuma kilichosokotwa kama kamba.
"Haya ni ya kutazamwa," asema.
Mimi nayatazama kwa jicho la kazi:
gogo zima linaingia, robo yake inapasha miguu,
robo tatu zinapanda dohani kwenda kupasha nyota.
Mteja mwenye meko haya
ningemwombea maisha marefu.

Nolfa hacheki.
Anagusa marumaru kwa kidole kimoja, kama anayepima homa.
"Na moshi?"

Ya pili ni ya gesi. Kioo, na nyuma ya kioo
magogo ya udongo yaliyopakwa rangi ya gome;
hata kifundo cha tawi wamekichora.
Moto unawaka bila kula.
Nikainama, nikanusa. Hola.
Nimeshika shoka tangu nina miaka kumi na miwili,
sijapata kuona kuni isiyo na harufu
wala deni.

Ya tatu ni sanduku jeusi, fupi, lenye feni tumboni.
Hili linadonoa punje za unga wa mbao ulioshindiliwa,
moja moja, kama kuku asiye na haraka,
na moshi wake ni mwembamba, hauchafui hata shuka iliyoanikwa.
"Umeme ukikatika?" nikauliza, nikijua jibu.
Theluji ya Agosti huangusha nguzo kila mwaka.
Floridor akatazama viatu vyake.

Hapo nilidhani nimeshinda.

Nolfa akafungua mkoba kutafuta miwani.
Akaweka juu ya kaunta leso, funguo, risiti ya mkate,
na kile kidude cha buluu cha Yasna, cha pumu.
Miwani ikapatikana. Leso ikarudi, funguo zikarudi.
Kidude kikabaki pale
kati ya orodha ya bei na mkono wangu,
wala hakuna aliyekitaja.

Nayajua mausiku ya Juni,
mji umelala bondeni, umejifunika moshi hadi kichwani,
na chumba cha pili kifua cha mtoto kinapiga mluzi.
Nalala macho nikihesabu:
mkokoteni wa Mei ule, kuni mbichi, zinatoa povu kwenye ncha,
niliowauzia walikuwa na baridi, mimi nilikuwa na njaa ya fedha,
sote tulikuwa na haraka.
Moto huzaa jivu, wahenga wamesema.
Muuza moto huzaa nini, hawakusema.

"Hili," nikasema. "La kuku."

Jiko la marehemu mama, la chuma, lenye mguu mmoja wa tofali,
nimelisukuma hadi bandani.
Nimelitengea lenga kavu ya miaka miwili, rundo dogo,
ya usiku nguzo zitakapoanguka.
Nolfa ameliona. Amelipangusa masizi, amenyamaza.

Mfuko wa punje una kilo kumi na tano.
Nilipoubeba, bega langu lilitafuta vibanzi,
halikupata pa kuchomwa.
Nyumbani Yasna akatumbukiza mkono, akachota, akanusa.
"Baba," akasema, "zinanukia koti lako."

Fundi anakuja Alhamisi kutoboa ukuta kwa bomba jipya,
nyembamba kama mkono wa mtoto.
Dohani ya zamani bado imesimama juu ya paa,
imeinama kidogo upande wa mto.
Ameniuliza kwa simu kama aibomoe.
Nimemwambia mtandao unasumbua.