Kufuli la Ayikoru

Funguo za nyumba hii ninazo mimi. Ziko saba,
na mmoja haufungui kitu, wala hakuna ajuaye ulitoka wapi.
Nyumba iko nyuma ya soko la Oli, mjini Arua,
imepakwa rangi ya samli hadi kiunoni.
Wakazi tisa. Mpapai dume.
Na lango, ambalo komeo lake limewekwa kwa nje.

Mimi si askari jela. Barua yangu ya kazi inasema
"msaidizi wa makazi".
Lakini saa moja jioni mkono wangu husukuma chuma
na chuma hakisomi barua.

Ayikoru ana miaka arobaini na mmoja.
Sauti zilimjia zamani, akijifunza cherehani;
siku hizi huja kwa nadra,
kama wageni waliokwisha kujua kwamba chai hakuna.
Kila Jumatatu hunifuata na neno lake moja:
"Drani, leo?"
Nami nina jibu langu lililochakaa:
"Kaka yako hajatia saini."

Onzima, kaka yake, ni mtu mwema. Niseme haki.
Huleta mchele, huleta blanketi, halipi kwa kuchelewa.
Alimfunga kwa mapenzi, na fundo la mapenzi
ni gumu kufungua, maana ukilivuta
aliyelifunga hulia.

Akaja daktari na karatasi.
Leo tarehe ngapi? Mia toa saba? Toa saba tena?
Ayikoru akatazama dirishani.
Daktari akaandika: hana uwezo wa kuamua.
Hakumuuliza bei ya unga wa muhogo,
aijuayo kwa kusikiliza ukuta wa soko.
Hakumuuliza nani humu ndani hupunguza sukari ya wakazi.
(Anajua. Hunitazama, hukoroga, hunyamaza.)

Wakili mmoja kijana, Candiru, viatu vyekundu kwa vumbi,
aliichukua karatasi ile akaipeleka kortini.
Hakimu akauliza: "Unazijua hatari za barabarani?"
"Nazijua. Pikipiki, mvua, matusi, wanaume.
Nawe, mheshimiwa, umefikaje hapa?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
"Nimekosea mara nyingi," akasema.
"Nataka kukosea tena,
nje."

Hukumu ilikuwa ndefu. Tafsiri yake fupi:
Ijumaa, saa mbili hadi saa tano, na msindikizaji.
Uhuru wa kupimiwa kwa kibaba,
na kibaba chenyewe kimeachwa mkononi mwangu.

Ijumaa nilimfuata hatua kumi nyuma.
Akageuka: "Njoo kando yangu, au rudi."
Nikaja kando yake.
Tulipita vitenge, tukapita samaki wa kubanikwa,
tukapita vioo ambamo alijitazama mara moja, basi.
Akasimama kwa muuza vyuma.
Akajaribu makufuli moja moja, sikioni,
kama mtu agongaye chungu kutafuta ufa.
Muuzaji alisema elfu kumi na mbili.
Yeye alisema sita. Wakaishia nane,
na hesabu ile hakuna daktari aliyeiona.

Usiku, chini ya kitanda chake, sanduku la bati
lilisema *ta.*
Nilisikia nikiwa koridoni, mbele ya kanuni za nyumba,
ya sita, kwa herufi kubwa:
MKAZI HARUHUSIWI KUWA NA KUFULI.
Alitoka, ufunguo mdogo ukining'inia shingoni kwa uzi,
akapita kwenda kunywa maji
taratibu sana, ili niuone.

Nikafungua daftari.
Ametoka: saa mbili.
Amerudi: saa tano kasoro robo.
Amenunua:
hapo kalamu ikakaa juu ya mstari,
mbwa wa jirani wakabweka wakachoka.

Nikaandika: sabuni.

Kisha nikaenda langoni nikashika komeo,
na mkono ukaikumbuka kazi yake.
Nilifunga.
Siwezi kudanganya mara mbili
usiku mmoja.