Midomo Minne

Mnada wa pili wa korosho ulipolipa,
Bakiri Likalangu aliingiza gari gerejini kwangu, Mkuti, Masasi:
GX nyeupe ya mkono wa tatu,
na kwenye buti mabomba manne ya nikeli
yamezongwa kanga ya mama yake
kama watoto wachanga.
"Fundi, nataka midomo minne nyuma."

Nikalala chini, nikatazama.
Gari lina koo moja,
saileja ya kiwandani, kutu ya heshima,
haina sura ya kumwonyesha mtu,
ila miaka ishirini imemeza moto
ikatoa pumzi.
Nikamwambia: Bakiri, moshi una njia zake.
Ukiubana, injini inakabwa.
Ukiutandikia bomba pana kama mtaro
unalegea, unazurura humo ndani,
na gari linapanda mlima wa Newala
kama mtu aliyeshiba ugali wa muhogo saa saba mchana.
Akasema: "Sawa. Na saileja uitoe."

Mteja akilipa taslimu, fundi humeza mate.
Nikakata.
Mdomo mmoja nikaupa moshi.
Mitatu nikaishika kwenye bampa kwa vidoti viwili viwili,
haikuungana na kitu,
meno ya dhahabu kwa asiye na nyama.

Lakini niseme kweli, maana hili ni shairi, si risiti:
usiku ule nilibaki peke yangu na msasa,
nikaisugua ile mitatu ya uongo
mpaka nikaiona pua yangu ndani yake, imepinda,
na nikaipenda.

Asubuhi alipowasha,
kuku wa Mama Sikudhani waliruka ua.
Jiwe la Mtandi likaupokea mlio,
likaurudisha umekomaa.
Mji mzima ukajua Bakiri ana gari.
Wiki ya tatu mji mzima ukachoka.
Trafiki akamwandikia. Imamu akamwita pembeni.
Kwenye kona za Newala
lori la mifuko ya salfa likampita, tena bila haraka.
Akarudi anatazama ndala zake:
"Fundi, lile kopo la zamani ulilitupa?"

Sikulitupa.
Lilikuwa linazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo.
Nikalirudisha. Gari likanyamaza, likapata nguvu,
nami nikatembea siku mbili
kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Siku ya tatu akaja mama yake, Bi Somoe,
mkono begani kwa mjukuu,
macho yana ukungu tangu ule mwaka wa mvua nyingi.
Nikamsogezea benchi. Hakukaa.
"Wewe ndiye uliyemnyamazisha mwanangu?
Nilikuwa namsikia tangu njia panda ya Nachingwea.
Nabandika maji, nasonga,
akizima mlangoni ugali bado unafuka.
Sasa ananikuta nimeduwaa, nashtuka
kama nimeingiliwa na mwizi."

Nilitafuta jibu kwenye boksi la spana.
Miaka kumi na saba nimegawa vyuma mafungu mawili,
cha kazi huku, cha mapambo kule.
Hili lake nilitupie wapi?

Jioni nikaipasua saileja ubavuni,
nikachomoa pamba ya chuma
kiasi cha kiganja, nikashona.
Si kelele. Kikohozi.
Kikohozi cha mtu anayekaribia kwao
asiyetaka kumgutusha aliyemo.

Gari linakuja bado, kubadili oili.
Juzi niliinama kukagua vidoti vyangu.
Bomba la tatu kutoka kushoto, lisilojua joto,
nyigu amejenga humo kwa udongo,
chumba kwa chumba, amekandika vizuri
kuliko mafundi wengi ninaowajua.
Bakiri akaleta bisibisi.
Nikamwambia amwache.