Arobaini na Moja na Nusu

Elfu arobaini na moja na nusu, ndani ya soksi,
soksi ndani ya sufuria, sufuria chini ya kitanda:
miezi kumi na minne ya grili za madirisha ya Umoja
nilizochomelea kwa mashine ya kukodi,
mia tano kwa siku, stima iwepo isiwepo.

Kirinyaga Road, duka la tatu kutoka kona,
Mureithi aliibeba kwa mkono mmoja kama kikapu cha mboga.
Ndogo. Ya chungwa. Ina kidirisha cha nambari.
"Thelathini na nane, risiti, waranti mwaka mzima."
Ilinukia plastiki, ilinukia siku ya kwanza ya shule.
Kipya kinyemi. Mkono ukanyooka wenyewe,
kisha nikauliza: stima ya Kariobangi
ikishuka ikapanda mara tatu kabla ya chai,
waranti inajua?
Akageuza karatasi, akasoma, akaigeuza tena.
"Hayo," akasema, "ni mambo ya stima."

Ya pili ilikuwa nyuma ya wauza mabati,
chini ya gunia, nzito kama deni la mazishi,
rangi ya samawati imebaki pembeni tu.
Binti akafunua. "Ni ya baba. Ishirini na sita."
Nikatoa msumari mfukoni,
maana kuna waya wa alumini unaopakwa rangi ya shaba
na nimewahi kuona mwanamume mzima akiulilia.
Nikakwaruza ncha ya koili: nyekundu.
Nikakwaruza zaidi: nyekundu bado.
"Inakula stima," binti akakiri bila kuulizwa.
"Ikiwaka, balbu za jirani zinafifia, wanatutukana."

"Mwashie," sauti ikatoka mlangoni.
Mzee Onduso, juu ya kreti ya soda, uso upande,
kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili.
Nikabana waya wa ardhi, nikabana fimbo,
nikafumba jicho moja, nikagusa chuma.
Ikachachatika, ikakohoa, ikatulia
kama mandazi yakigeuzwa mafutani.
"Unakimbia," akasema. "Ngoja mshono ukufuate."
Nikapunguza mkono.
"Sasa unasukuma. Vuta."
Nikavuta.
Nilipoinua kichwa nimwulize ameuonaje,
macho yake yalikuwa kama maji ya mchele,
yakitazama tangi la maji, si mimi.

"Umevaa nini usoni?"
"Miwani."
"Ya jua?"
Nikanyamaza. Mia na hamsini, Gikomba.
"Mimi pia," akasema. "Miaka ishirini na miwili.
Usiku naweka vipande vya viazi juu ya macho,
asubuhi narudi kazini."

Sikupata nafasi ya kumhurumia; alikuwa bado anauza.
Nilisema ishirini na moja. Akasema mafuta ndani ni mapya.
Nikasema kebo zimechunika. Binti akacheka.
Tukafika ishirini na tatu na nusu.
Akazihesabu noti kwa kidole gumba, moja baada ya moja,
moja akairudisha: "Hii ni ya mia mbili.
Usinipofushe mara ya pili."
Ilikuwa ya mia mbili kweli. Niliona haya.

Mkokoteni, mia sita, na mimi nyuma nikisukuma.
Makokha wa karakana ya pili akaja kutazama, mikono kiunoni:
"Umelipia chuma chakavu bei ya mahari?"
Sikumjibu, na hadi leo sina jibu kamili.
Stima imeruka mara nyingi, nayo haijashtuka.
Bili imepanda, nalipa nikinung'unika,
na jirani wananitukana mimi sasa.

Lakini jioni ile ile nilirudi Kirinyaga Road
Mureithi akishusha mlango.
"Umeamua?" Mkono wake tayari uko kwenye ile ya chungwa.
Nikaonyesha rafu ya juu,
kofia yenye kioo kinachojitia giza moto ukiwaka.
"Elfu sita na mia nane. Ninayo nyingine ya maonyesho,
imeguswaguswa kidogo, nakupunguzia elfu mbili."

Hapana, nikamwambia.
Hiyo nataka ambayo bado iko kwenye karatasi yake.