Kipimo cha Thurea

Duka la Mchangani limetundika mbingu nzima
juu ya vichwa vya wateja, kila nyota na karatasi yake:
laki nne, laki saba, milioni na ushei.
Abdulwahid, kijana wa duka, ana mpini wa fagio;
anagusa huku, panalia. Anagusa kule, kimya.
"Hii bilauri, mama. Ile plastiki. Sikiliza mwenyewe."
Nikasikiliza.
Plastiki haina la kusema.
Bilauri inalo, lakini neno lake la kwanza ni bei.

Nimekuja na fedha ya karafuu ya misimu miwili,
kilichosalia baada ya bati, baada ya saruji,
baada ya ada ya Zuwena na meno ya Shaame.
Noti zimelala sandukuni na makonyo;
kijana atakapozihesabu atapiga chafya mara tatu.

Nimekuja na kamba pia.
Kamba ya usumba, mafundo matatu.
La kwanza dari.
La pili kofia ya Shaame, mtu ambaye
huinama kwenye kila mlango, hata unaomzidi kimo.
La tatu sikulifunga mimi.

Usiku ule kwetu Wete, tulipomwambia Bi Mkasi
kwamba tunataka thurea, nilishajitayarisha
kwa neno israfu. Mama mkwe wangu
hulitoa neno hilo kama mtu atoaye mwiba,
polepole, na kwa raha.
Hakulitoa. Alihamishia tambuu shavu la pili.
"Ukumbini?"
"Ukumbini."
"Katikati?"
"Katikati, mama, pale penye kulabu."
Akawaita wajukuu, Faki na Mbwana:
itwaeni ngazi, iwekeni mabegani, mpite nayo
kutoka chumbani mwangu mpaka barazani.
Wakapita wakicheka.
Yeye hakucheka. Juu ya ngazi akapima shubiri tatu,
"za matao na shuka," akasema,
na hapo ndipo vicheko vilipotafuta pa kutokea.
Akakaza fundo kwa meno machache aliyobakiwa nayo.
"Kuinamishwa nimeinamishwa vya kutosha.
Siku hiyo nataka nipite
bila ya mtu kuniambia inama."

Basi nikasimama Mchangani na kamba yangu.
Ile niliyoipenda, ee Mola, ilikuwa na ghorofa tatu,
mikono kumi na minane, vito vinavyodondoka
kama mvua ya masika iliyosahau kufika chini.
Ilipita fundo la tatu kwa dhiraa nzima.
"Kata mnyororo," nikamwambia.
"Nshaukata, mama. Iliyobaki ni taa."
Moja moja nyota zikaanguka.
Ikabaki ndogo, pembeni, vikombe sita,
imejikunja darini kama pweza pangoni,
na tone moja la bilauri halipo.
"Hili fundo la nani?" kijana akauliza, akifunga boksi.
"La mwenye nyumba."

Fundi Khatib akaitundika Ijumaa, baada ya sala.
Shaame akasimama mbele ya tukuza
akizitazama yuniti kama mtu atazamaye maziwa motoni.
Ukuta ukajaa madoadoa; paka akayakimbiza.

Bi Mkasi akatoka na mkongojo, akasimama chini yake,
akaunyoosha mkongojo juu. Haukufika.
Akahesabu vikombe kwa midomo.
"Kilimia," akasema. "Sita. Ya saba huwa haionekani."
Kisha akataka ngazi.
Faki na Mbwana, safari hii bila kucheka, wakapita.
Hakuna kilichogusa, ila upepo wao
ulitikisa tone moja, likalia kidogo.
"Nafasi ipo," akasema Bi Mkasi.
"Haya. Nani anakoroga chai?"