Alama ya Kidole

Saa nane na robo usiku, Tampere.
Theluji imeziba dirisha hadi nusu
na kiunganishi kimenikatalia.
Hakikupiga kelele. Kimeandika mstari mmoja:
"Lango na Taa hazikubaliani kuhusu Treni."

Lango nililijenga mwenyewe Jumatatu,
likapita bila onyo hata moja.
Taa aliijenga Ensio jana, kule Seinäjoki,
ikapita nayo.
Akili ni nywele, kila moduli ina zake,
na kila moja ikiwa peke yake ni mwana mwema.

Moduli haiioni nyenzake nzima.
Huona kiolesura tu, kibaraza cha mbele:
majina yapi, ya aina gani, kwa mpangilio upi.
Kompaila hukisoma kibaraza hicho, hukisaga
mpaka ibaki namba ndefu isiyo na sura,
kisha huipiga chapa ndani ya faili:
nilijengwa Treni ilipokuwa hivi.
Haitegemei tarehe. Tarehe hudanganya;
saa ya mashine ya Ensio iko nyuma dakika sita
tangu kiangazi.

Nikazifungua, nikaziweka namba sambamba.
Ndani ya Lango, Treni inaanza na tisa-c-nne.
Ndani ya Taa, sifuri-saba-f.
Treni moja, vidole viwili.

Njia ya mkato ipo, ipo siku zote:
neno moja kwenye amri, na ukaguzi unafumba macho.
Nililiandika.
Nikalifuta, nikampigia Ensio.

Akaitika kama mtu aliye chini ya godoro.
"Treni? Sikubadili kitu.
Nilipanga tu kwa alfabeti."

Kwa alfabeti.
Kwetu Kifini umbali huanza na e, kasi na n.
Kasi ilikaa chumba cha kwanza, umbali cha pili;
akawahamisha usiku, wapangaji wawili, namba tupu wote,
hakuna ambaye angebisha hodi kulalamika.
Na Lango langu lingegonga mlango uleule wa zamani.

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Treni inafika kivukoni: umbali sifuri, kasi themanini.
Lango linasoma: kasi sifuri.
Imesimama, linasema, mita themanini kutoka hapa.
Na linainua mkono wa barabara.

Sikumwambia hivyo mara moja.
Nilianza kujenga upya, kutoka chini:
Treni kwanza, kisha kila inayoitazama Treni,
kisha kila inayozitazama hizo. Thelathini na moja.
Nyingine kompaila haikuzigusa;
alama zao ni zilezile, ziache zilale.

"Basi la shule la Lempäälä," nikasema mwishowe,
"hupita pale saa mbili kasorobo."

Ensio hakujibu, wala hakukata simu.
Nilimsikia akijaza birika.