Saruji ya Baba

Maghala ya Grudziądz yana sura mbili.
Upande wa mjini ni nyumba fupi, za adabu:
mlango, dirisha, sanduku la maua.
Upande wa mto yanashuka ghorofa tano, sita,
tofali juu ya tofali, yameegemeana mabega
kama watu waliokesha foleni
wakingoja duka la nyama lifunguliwe.

Mimi ninaning'inia upande wa mto.
Kiunzi, nyundo, patasi ya ncha nyembamba.
Kazi yangu ni kutoa saruji kwenye viungio
na kurudisha chokaa.
Natoa saruji ya baba yangu.

Aliipaka mwaka wa sabini na nne,
yeye na vijana kumi na wawili wa brigedi,
kabla mgeni kutoka Warszawa hajapita na meli.
Ukuta ulikuwa na nyufa. Amri ikasema: zibeni.
Wakaziba. Siku tisa, mchana na kwa taa.
Mgeni akapita upande wa pili wa meli, akila samaki.
Baba akapewa saa ya mkononi.
Ingali inakwenda. Inachelewa dakika nne.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa.
Lakini hakuna aliyesema
uzibe kwa nini.
Maana ukuta wa tofali hupumua,
hunywa mvua ya Novemba, huitema Aprili
kupitia chokaa, bila haraka.
Saruji haijui kutema.
Maji yakafungiwa ndani. Januari ikaja na jalidi,
maji yakavimba, yakatafuta mlango, yakakosa,
yakatokea usoni pa tofali.
Januari arobaini na kitu.
Sasa nikigonga saruji, ngumu, nzima, haina hata mkwaruzo,
tofali ndilo linalobomoka,
jekundu, laini, kama ganda la mkate.
Kiraka kimeishi. Nguo imekufa.

Baba huja saa nne. Hukaa chini, ng'ambo ya njia ya baiskeli,
kwenye kiti cha kukunja cha wavua samaki. Hana ndoano.
Hatazami mto. Anatazama mikono yangu.
Majirani humwambia, "Bwana Wincenty, binti yako fundi kweli."
Hujibu, "Anaharibu kazi nzuri."

Jana, ghorofa ya tatu, chini ya mdomo wa mfereji
ambao zamani ulimimina ngano hadi kwenye matishari,
nilifikia chokaa ya kwanza kabisa,
ya mwashi asiye na jina wala saa.
Ndani yake, punje tatu za ngano
nyeusi kama mavi ya panya.
Labda zilikuwa mavi ya panya.
Nikazitia kwenye kiberiti hata hivyo.

Nikashuka, nikampa baba kile kiberiti na tofali moja.
Kiberiti hakukifungua.
Tofali alilipakata, akaligonga kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio. Tofali zima hulia kama kikombe.
Hili halikulia kitu.
Akagonga tena, upande wa pili,
kama mtu apigaye hodi kwenye nyumba
anayojua wenyewe wamehama.

"Ilikuwa saruji daraja la kwanza," akasema.
"Najua."
"Tuliinyima hospitali tukaileta hapa."
Hilo sikulijua.

Leo amefika saa moja asubuhi, bila kiti.
Amevaa viatu vya kazi, kimoja kina kamba ya rangi nyingine.
Hakuuliza. Ameshika koleo, anakoroga chokaa pipani,
na maji ni mengi mno. Nimemwambia.
Ameongeza mchanga, amenung'unika,
ameitazama saa yake,
ameivua, ameitia mfukoni
isije ikachafuka.