Yai la Jumatano

Mtoto alikuwa na siku kumi na moja, na hanyonyi.
Kichwani pa Iffat, mamaye, kilisimama
kitunguu kilichotungwa kwenye kijiti cha chuma,
maana Aal, mwenye nywele nyekundu na pua ya udongo,
huja usiku kuchukua ini la mzazi
akalioshe mtoni, na chuma tu ndicho akiogopacho.
Basi chuma kilikuwa kila mahali:
mkasi chini ya mto, sindano kwenye pazia,
hata kufuli kuukuu lisilo na ufunguo.
Lakini hili, walisema, si Aal.
Hili ni jicho.

Nilikuwa na miaka saba. Kazi yangu ilikuwa chetezo.
Nikimwaga mbegu za esfandi juu ya makaa
zinalia ta, ta-ta,
na kwa kila iliyopasuka shangazi Badri alisema,
"Jicho hilo! Na lipasuke!"
Moshi ukatuwasha macho sote,
wenye husuda na wasio nayo.

Ndipo bibi Gohartaj akaomba yai.
Badri akalichora miduara kwa kaa, kila jina duara lake.
Bibi akaweka sarafu juu, sarafu chini,
akalifunika kwa kitambaa kilichokatwa shatini mwa mtoto,
akaanza kuminya na kuita.

Aliyezaliwa Jumamosi. Kimya.
Aliyezaliwa Jumapili. Kimya.
Mke wa mwokaji, aliyesema mtoto mnono. Kimya.
Mkunga, aliyecheka mno. Kimya.

Sote tulijua tunakoelekea.
Nusrat wa nyumba ya pili, macho ya samawati,
miaka tisa ya ndoa bila susu.
Juzi alileta bakuli la supu ya shayiri,
akasimama kizingitini akamtazama mtoto
zaidi kidogo ya inavyotosha kutazama.
Alipoondoka walinyunyiza chumvi kwenye nyayo zake.
Supu wakampa paka.
Paka alishiba, akalala.

"Nusrat," akaita bibi,
nami niliyeketi chini, karibu na mikono yake,
niliviona vidole vikilegea.
Vililishika yai kama vishikavyo shavu.
"Rudia," akasema Badri.
"Nusrat."
Kimya.

Kabla mtu hajataja jina jingine
bibi akasema, "Gohartaj,"
kwa sauti ya mtu anayeitikia hodi,
mishipa ya mikono ikamsimama,
na yai likalia kha.

Ute ulimtiririka hadi kiwikoni.
"Nilimpenda kupita kiasi," akasema.
"Hata penzi lina jicho."
Akampaka mtoto kiini kidogo utosini,
kisha akakunja godoro lake mwenyewe,
kwani aliyetajwa na yai hamwoni mtoto
mpaka arobaini itimie.

Mtoto alinyonya alfajiri.
Sijui ni yai, sijui ni maziwa yaliyokuwa njiani.

Siku ishirini na tisa bibi alilala ghalani
kati ya matikiti na vitunguu,
na kila jioni Nusrat alimpelekea supu.
Niliwasikia ukutani wakicheka,
wakinyamaza, wakicheka tena.

Bakuli nililirudisha mimi.
Kwetu chombo hakirudi kitupu,
na bibi hakuwa na kitu mle ghalani cha kutia,
ila sarafu mbili.
Nilizigusa njiani.
Zilikuwa bado zinanata.